Malika Wawili, Sanduku Moja

Kisangani, Jumapili tarehe 9 Februari 2025

Tonton Yusufu mpendwa,

Leo nimeapa, kalamu mkononi, kukueleza yote bila kuruka, hata yale ambayo Papa angesema, "Ile, mama, usiandike."

Asalaam aleikum kutoka kwetu wote. Papa ni mzima. Anaendelea kuyeyusha vyuma vya injini kuukuu na kumimina sufuria, na juzi alimimina moja ya harusi ambayo haikupita mlangoni, ikabidi watu wa harusi waje kupikia uani kwetu. Mpapai umeangushwa na mvua. Mama Honorine, jirani yetu, anakusalimu na anauliza kama huko Liège, Ubelgiji, watu wanajua kukausha samaki. Koko, mama yenu wewe na Papa, hajambo isipokuwa jino.

Sasa jambo lenyewe. Utashangaa kwamba nakuandikia kwenye karatasi habari za mashine ya barua pepe, lakini subiri.

Ile seva uliyotutumia shuleni imefika salama. Prof Médard, mwalimu wetu wa kompyuta, ameiweka katika stoo ya chaki, juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Alitueleza vizuri sana. Seva, alisema, ni karani wa posta: inapokea barua, inasoma jina lililo juu, inatia barua katika sanduku la mwenye jina. Jenereta yetu ikizimwa, barua zetu zinasubiri katika mashine ya kazini kwako, huko Liège, na jenereta ikiwaka Jumatano na Jumamosi zinashuka zote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, tonton, na nilipoona ile taa ya kijani inapepesa nilijua kitu ninachotaka kufanya maishani.

Prof Médard ametupa kila mmoja sanduku lenye jina moja tu, ili kuipunguzia mashine kazi. Fortunée wa pili wa darasa letu ameitwa fortunee2 na alilia mpaka kengele. Mimi nilipata malika. Shule nzima hakuna mwingine.

Lakini nyumbani yupo.

Kwa kuwa skrini ni chache, Prof anazichapa barua na kutupa tupeleke nyumbani, wazazi waone faida ya mashine. Niliileta barua yangu ya kwanza, ya kunikaribisha tu. Koko alikuwa anachambua majani ya pondu.

"Juu ya ile karatasi kumeandikwa nini?"

"Malika, Koko."

"Malika ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mbele yako alikuwa nani?"

"Ni wewe, Koko."

"Bon. Leta."

Unajua kwetu ilivyo. Nilipewa jina lake, mimi ni ndoyi wake. Kinachokuja kwa jina ni cha sisi wawili, na mkubwa anaonja kwanza. Ndiyo maana Papa ananiita mama na siwezi kuchapwa siku ambazo Koko yuko nyumbani. Sikatai desturi. Lakini sasa Prof Médard hathubutu kunipa karatasi zangu. Koko alikwenda mwenyewe shuleni na mwavuli wake akamwambia, "Sanduku iko yangu. Mutoto nilimwazima jina, sikumwazima sanduku." Tangu hapo zinapelekwa kwake mkononi, na anaziweka chini ya godoro mpaka akipenda zisomwe.

Hapa ndipo panaponiuma. Nimeomba nafasi katika mafunzo ya likizo huko Kinshasa, ya wanafunzi watakaojifunza kutunza seva. Jibu litakuja katika sanduku langu kabla ya mwisho wa mwaka wa shule. Papa amesema waziwazi: Kinshasa wakinikubali, mwaka ujao nitaingia sehemu ya kompyuta, wakinikataa au wakinyamaza, nitaingia ushonaji. Tonton, mimi nikitia uzi kwenye sindano, sindano inapotea.

Prof anasema dawa ni moja: niongezewe jina la ukoo kama Wazungu, seva itutenganishe. Jina la Papa halisaidii. Koko ni Malika binti Waziri, akampa mwanawe jina la babake, na mimi nikazaliwa kwa Waziri huyo nikaitwa Malika. Kwa hiyo wote wawili ni Malika Waziri, na tumerudi pale pale.

Wewe unaishi nao na unatunza barua zao. Wazungu walipataje majina ya ukoo? Na wewe mwenyewe, ulipofika na kuulizwa lako, uliandika lipi?

Nakuomba usinijibu kwa simu. Papa huweka sauti kubwa na Mama Honorine hujibu kabla yetu. Mpe barua Mama Agathe, mchuuzi anayekuletea hii, anaporudi na vitambaa vyake.

Mwanao,
Malika (mdogo)


Liège, 27 Machi 2025

Kwa mama yangu mdogo Malika,

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa sana katika sanduku la vitambaa vya Mama Agathe na imenifikia ikinuka rangi ya batiki. Huku wote wazima. Watoto wanakua, mke wangu Ursule anakusalimu. Mimi sijambo. Siku hizi nakula supu tu, lakini bila sababu maalumu.

Nimecheka na nimehuzunika. Kumnyang'anya mama yangu kitu kilichoandikwa jina lake siwezi, hata nikiwa mbali hivi. Nikujibu lile unaloweza kutumia.

Zamani huku mtu alikuwa na jina moja, kama kwetu. Kisha akina Jean wakazidi. Padri akiita Jean, kanisa zima linasimama. Mtoza ushuru akimtafuta Jean, kila Jean anamwelekeza kwa Jean wa nyumba ya pili. Wakaanza kuongeza neno la kuwatofautisha. Mmoja wakamtaja kwa kazi yake: Lefebvre maana yake ni mhunzi. Mwingine kwa mahali: Dubois ni wa msituni, Dupont wa darajani. Mwingine kwa babake: Janssens ni mwana wa Jan. Na aliyebaki wakamtaja kwa sura yake, mrefu, mwekundu, mweupe. Jean mwenyewe akafa, lakini lile neno likabaki kwa watoto kama kovu lisilo na kidonda.

Usidhani wanalifikiria. Mwenzangu Lefebvre hajui kupigilia msumari. Madame Dubois anaogopa hata maua ya kwenye chungu. Bwana Legrand, yaani mrefu, anapanda kiti kufikia kahawa. Hakuna anayeona ajabu, na seva yetu ndiyo haioni kabisa. Kazini kila mtu sanduku lake ni jina lake la ukoo tu, basi.

Kwa hiyo fanyeni vile vile. Mwambie Papa yako aite kikao, mchague neno moja kwa kazi, kwa mahali, kwa baba au kwa sura, na Prof Médard aliandike.

Unauliza mimi mwenyewe niliandika lipi. Kuhusu hilo: huku mvua inanyesha tangu Jumatatu.

Msalimie Koko. Usimwambie habari ya supu.

Tonton wako,
Yusufu


Kisangani, Jumapili tarehe 4 Mei 2025

Tonton Yusufu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara nyingi na sehemu ya Jean nimeinakili kwenye daftari la historia. Kwetu wote wapo, ila hatuongei na Mama Honorine, nitakueleza. Niliapa kusema yote na naendelea.

Papa aliita kikao siku ya Jumapili, akavaa kanzu. Alisema familia inahitaji jina la ukoo la kisasa, na yeye kwa upande wake anaona ni Sufuria, kwa sababu ya kazi.

Koko akauliza, "Na Yusufu kule Ulaya anajua kumimina sufuria?"

"Hapana, mama."

"Donc atakuwa anadanganya kila akiitwa? Na wewe," akanigeukia mimi, "wakikuambia mama Sufuria, tunaomba moja ya wali, utatoa wapi?"

Nikasema kwamba huko Liège Lefebvre hana nyundo. Koko akaniambia hiyo ni shida ya mama yake Lefebvre.

Tukajaribu mahali. Lakini nyumba hii tuliingia tukitoka Kapalata, na kabla ya hapo tulikuwa Bengamisa, na Koko alizaliwa Isangi. Papa akasema tuchukue Isangi. Koko akasema Isangi ilimtoa bila kumuaga, hawezi kuibeba mgongoni. Mama Honorine, ambaye siku hiyo tulikuwa bado tunaongea, alikuwa juu ya ukuta akisikiliza. Akasema, "Sisi watu wa maporomoko tuko na mitego kwenye maji tangu mababu, na hatujiite Mutego. Mutu akitaka kutujua anakuja anatuangalia."

Kwa baba, nilikwisha kukueleza: Waziri juu ya Waziri.

Ikabaki sura. Hapo Papa alikosea, tonton. Alimtazama mama yake akasema polepole, "Labda Pengo?" Alilala kwenye karakana siku ile na kesho yake. Chakula alipelekewa katika sufuria iliyovunjika mkono.

Basi jina hatuna. Lakini barua zinakuja, na hazifanani na barua za shule.

Ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa kizuri: *Malika anakumbushwa miadi yake na daktari wa meno, Alhamisi saa nane na nusu, kung'oa gego la chini upande wa kushoto.* Prof Médard alimsomea Koko mara mbili. Koko akashika shavu lake la chini upande wa kushoto. Machozi yakamlengalenga, akasema, "Yusufu ananifikiria. Sikumwambia hata ni upande gani."

Nilimweleza kwamba anwani iliyo chini ya karatasi ni ya Liège. Akajibu, "Mugonjwa hatembei. Munganga atakuja." Alhamisi alioga, akavaa vitenge vyake vya sikukuu, akakaa kwenye benchi mbele ya parcelle, kiwanja chetu, na kitambaa safi magotini. Watu walipita wakimsalimu. "Unangojea nani, Koko?" "Daktari wangu kutoka Ulaya." Jua lilipozama akaingia ndani na kusema barabara zimeharibika sana, si kosa lake.

Ya pili ilisema: *Familia Malika inaombwa kwa mara ya mwisho isiache baiskeli kwenye ujia wa chini.* Sisi hatuna baiskeli, unajua. Lakini Koko alisema mtu hawezi kuandika kutoka mbali hivyo kuhusu kinga, yaani baiskeli, ambayo haipo. Akazunguka nyumba, na kwenye ujia kati ya ukuta wetu na wa Mama Honorine akaikuta toleka ya Héritier, mtoto wa Mama Honorine, ile anayobebea abiria, imeegemezwa pale kama kila siku tangu nizaliwe. Akaisukuma mwenyewe mpaka barabarani.

Mama Honorine alitoka na mwiko mkononi. "Mama Malika! Kinga ya mutoto wangu imekukosea nini?"

"Si mimi. Ni amri. Iko na muhuri."

"Amri ya nani?"

"Ya Ubelgiji."

"Aka! Tangu lini Wabelgiji wamerudia kutupangia kinga?" Na hapo hata watu waliokuwa wananunua makaa kwa jirani wa ng'ambo walisimama kusikiliza. Héritier sasa analaza baiskeli yake chumbani, juu ya kitanda, na yeye chini. Ndiyo sababu hatuongei.

Ya tatu ilifika jana, nami siielewi kabisa. *Kwaya ya mtaa inamkumbusha Malika kwamba mazoezi ni Jumanne, safu ya sauti nzito bila yeye imelegea, shati jeusi.* Koko amefurahi kuliko siku zote. Tangu asubuhi anajaribu sauti nzito uani na kuku hawataki kutoka bandani.

Jibu la Kinshasa halijaja. Papa amekwisha kwenda kuulizia nafasi kwenye ushonaji, "kwa usalama tu, mama." Kila Jumatano na Jumamosi nasimama kwenye mlango wa stoo ya chaki mpaka jenereta izimwe.

Tonton, Jumapili iliyopita nilichukua simu kutoka mkononi mwa Papa nikakuuliza tena jina lako la ukoo. Ulisema mtandao unakatika. Lakini nilisikia kijiko chako kinazunguka ndani ya kikombe, vizuri sana. Je, nilikukosea kuuliza?

Mwanao,
Malika


Liège, 8 Juni 2025

Mama yangu mdogo,

Naandika haraka, Mama Agathe yuko mlangoni na teksi inamngoja. Hukunikosea. Mtandao unaweza kukatika na kijiko kikasikika, hayo ni mambo ya ufundi.

Huku ni wazima, isipokuwa mimi kidogo. Shavu langu limevimba kama andazi. Nilikuwa na miadi ya kulitibu jino na nikasahau siku, maana hawakunikumbusha, ingawa wao wanaapa kwamba waliandika. Siku hizi kila mtu huku anaapa kwamba aliniandikia. Baiskeli yangu nayo imeondolewa na msimamizi wa jengo. Hata watu ninaopitisha nao jioni ya Jumanne wananitazama vibaya. Niwaache.

Mwambie Koko asiimbe nje asubuhi, koo litaumia. Kuhusu jina la ukoo, usimsumbue tena. Yapo majina mtu huyavaa siku moja kwa sababu karani ana haraka, kisha hayavuliki tena.

Wewe jiandae. Julai Kinshasa asubuhi kuna baridi, beba sweta ile ya kijani. Chukua shuka mbili, maana katika lile bweni la masista hawatoi, na ukifika usikubali kitanda cha karibu na mlango, utaamshwa na kila anayekwenda kunywa maji. Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika nikiwa na shavu hili.

Tonton wako,
Yusufu


Kisangani, Jumapili tarehe 22 Juni 2025

Tonton Yusufu mpendwa,

Asalaam aleikum. Leo salamu zitakuwa fupi na utanisamehe. Wote wazima. Papa amemimina sufuria. Koko ni mzima, jino lile lile.

Barua yako ilifika Ijumaa. Asubuhi ya siku hiyo Papa alikuwa amenipeleka kupimwa aproni ya ushonaji. Fortunée wa pili alikwisha kupata jibu lake kutoka Kinshasa, wamemkataa, na alisema angalau wameliandika jina lake bila namba. Wote walioomba walikwisha kujibiwa. Mimi peke yangu sanduku lilikuwa kimya, na nilikuwa nimeanza kuzoea. Nilikaa chini ya kamba ya nguo nikasoma shavu, nikasoma baiskeli, nikafika kwenye shuka mbili.

Tonton, bweni gani la masista?

Sikumwambia mtu yeyote habari za bweni, kwa sababu sizijui. Hakuna aliyeniambia kwamba nakwenda. Nimesoma mstari ule mpaka nikaukariri, na kila mara unasema kwamba nimekubaliwa, na kwamba wewe umejua kabla yangu.

Basi nikafanya kama Prof Médard anavyotufundisha mashine ikigoma: usipige, panga unachokijua. Yuko mtu ana gego bovu upande wa kushoto, na hakukumbushwa siku ya kuling'oa. Baiskeli yake ilikaa kwenye ujia. Sauti yake ni nzito, nami nakumbuka nilipokuwa mdogo ulikuwa ukiniita kutoka mwisho wa barabara na vifuniko vya sufuria vinajibu. Mtu huyo barua zake zinakuja kwetu, na barua yangu imekwenda kwake. Na kazini kwake kila mmoja sanduku lake ni jina la ukoo tu.

Nilikimbia mpaka kwa Prof Médard nikamkuta anakula. Alisikiliza, akaacha kula. Alisema barua zetu zinaposubiri jenereta katika mashine ya kazini kwenu, mashine ile inasoma jina tu. Kama huko kuna Malika mwingine, sanduku ni moja. Jenereta ikiwaka, zote zilizomo zinashuka kwetu. Ikiwa imezimwa, wa huko anazisoma zote kwanza, na alizokwisha kusoma hazishuki tena. Akashika kichwa. "Lakini huko Malika ni nani?" akauliza. Nikageuka kwenda nyumbani. Nilifikiri ni haki ya Koko kujua wa kwanza.

Nilimkuta uani anafanya mazoezi ya sauti nzito. Nikamwambia kwamba daktari wa meno hakuwa wake.

"Wa nani?"

"Wa tonton Yusufu. Naona huko Ulaya anaitwa Yusufu Malika. Alipoulizwa jina la ukoo alitoa lako."

Alikaa kwenye benchi.

"Na watoto wake?"

"Wanaitwa Malika, Koko."

"Hata yule mwanaume?"

"Hata yeye. Na Mama Ursule kwenye karatasi za jengo."

Alicheka, tonton. Alicheka mpaka akashika shavu, akaumia, akacheka tena. Ile parcelle yote ikatoka. Papa alipoelezwa hakucheka. Alisema, "Na baba yetu je? Mwanaume anachukuaje jina la mama yake?" Nadhani hicho ndicho ulichokiogopa, lakini sitaandika zaidi, kwa kuwa hujaniambia.

Koko akaacha kucheka. Alisema, "Waziri, mwanangu. Mutu anafika inchi ya watu, peke yake, baridi, mbele ya karani. Wanamuuliza: weye ni wa nani? Ulitaka aseme nini? Alisema ukweli."

Papa akaenda karakana. Alirudi baada ya muda akiwa na masizi hadi nywele, akasema, "Kama Ubelgiji wameandika, basi wameandika." Kisha akaniambia, "Mama, ile aproni wataipunguza, itakuwa ya mtoto mwingine." Hapo ndipo nililia.

Jioni Koko alivaa vitenge vya sikukuu akaenda kwa Mama Honorine na sufuria mpya yenye mfuniko. "Ile amri ilikuwa ya kinga ingine," akamwambia. Mama Honorine akaigeuza sufuria, akaigonga kwa kidole, akasema, "Nilijua. Kinga ya Héritier haina hata breki, Ubelgiji ingeitafutia nini?" Baiskeli imerudi kwenye ujia na Héritier amerudi kitandani. Mama Honorine anataka kujua kama daktari wako anang'oa na ya majirani.

Prof Médard alitaka kuitengeneza seva ili tusichanganyikane tena. Koko amemkataza kwa mwavuli. Anasema kwa miaka yote hii ulimpigia simu kila Jumapili hukumwambia kwamba unaimba, sanduku limemwambia. Anasema libaki hivyo hivyo, na kwamba shati jeusi ukilivaa ulipige pasi.

Sasa, tonton, swali langu. Zima mvua yako na usikilize.

Naomba unitumie barua yangu kutoka Kinshasa. Fortunée anasema chini yake huwa na fomu ya kuthibitisha, na nafasi isiyothibitishwa mapema inapewa mtu mwingine. Fomu hiyo inataka jina na jina la ukoo, na pakiachwa wazi haipiti. Tumekaa kikao kingine, kifupi. Koko alisema haoni tena shida: niandike Malika mara mbili, moja yangu na moja yake, hakuna kugombania. Papa alikubali kwa kichwa. Lakini mimi nimefundishwa kwamba kitu huombwa kwa mwenyewe, na katika ukoo wetu aliyelivaa kwanza jina hilo kama la ukoo ni wewe, mbele ya karani mwenye haraka. Silichukui kabla hujasema ndiyo.

Mama Agathe anaondoka na barua hii Jumanne. Wewe usinijibu kwa karatasi, itachelewa. Andika kwa malika. Jumatano ya wiki ijayo jenereta itawaka, Koko atasoma kwanza, kisha mimi, na kuanzia leo hakuna kati yetu watatu atakayeweza kusema kwamba si yake.

Mwanao na mama yako,
Malika

Je, tonton, mlangoni kwako pameandikwa Malika, na nina ruhusa ya kuliandika nami?